Muziki Unaoitwa Yeye

Tuanze na neno lenyewe, msomaji wangu, kwa sababu neno ndilo lililoninasa. Wafaransa wana muziki wao wa miaka ya sitini unaoitwa yeye. Wao huandika yé-yé, na vijialama juu ya herufi, lakini ukiwasikia wakitamka hutaona tofauti kubwa na yeye wetu sisi, yule wa mimi, wewe, yeye. Asili yake ni ile "yeah" ya Kiingereza ambayo waimbaji wa roki wa Marekani na Uingereza walikuwa wakiirudiarudia kwenye viitikio. Aliyelipa neno hilo umaarufu ni msomi wa elimujamii, Edgar Morin, katika gazeti la Le Monde, Julai 1963. Wiki chache kabla, usiku wa tarehe 22 Juni, vijana wapatao 150,000 walikuwa wamefurika Place de la Nation, Paris, kuwasikiliza bure waimbaji wa rika lao. Wengine walipanda hadi juu ya miti. Watu wazima wa nchi ile wakaamka asubuhi wakiulizana: hawa watoto wametoka wapi?

Walitoka redioni. Tangu 1959 kituo cha Europe n° 1 kilikuwa na kipindi cha jioni, saa za wanafunzi kutoka shule, kiitwacho Salut les copains. Ukitaka kukitia Kiswahili cha kijiweni, sema "Mambo vipi washkaji". Mwaka 1962 kipindi kikazaa jarida lenye jina hilohilo, na tamasha lile lilikuwa la kusherehekea mwaka mmoja wa jarida. Jarida la vijana kujaza uwanja! Sisi tunaoandika humu, ambao nakala hutubakia mkononi tukawagawia mashangazi, tuna haki ya kuona wivu.

Mimi nilipoliona neno hilo mara ya kwanza, kwenye kioo cha simu ya mtu, nilidhani ni Kiswahili. Nikadhani ni wimbo unaomhusu yeye fulani. Na ingawa nimeshajua ukweli, kila nikisikiliza nyimbo zile swali linalonijia ni lilelile la Kiswahili: yeye nani? Anayeimba ni nani, na maneno anayoimba ni ya nani?

Simu ile ilikuwa ya mama mmoja msusi pale Sinza, mtu wa Bukavu, ambaye amekaa Dar miaka mingi lakini Kiswahili chake bado kina harufu ya Kivu. Marehemu baba yake alikuwa na santuri ndogo za Kifaransa, zile za mizunguko 45, na yeye alizikariri akiwa mtoto kama sisi tulivyokariri matangazo ya redio. Siku hizi anazipata YouTube. Mimi nilikuwa nimekaa chini nasukwa yebo yebo, kazi ya saa nne, na nilikuwa nimeshamaliza kitabu nilichokuja nacho. Nikaanza kumwuliza: huyu anasema nini, mama? Ndivyo nilivyosoma Kifaransa changu chote, kichwa kikiwa kimevutwa nyuma. Sijafika Paris. Hata Zanzibar sijafika.

Wa kwanza kuniingia alikuwa Françoise Hardy, na naomba nikae kwake kidogo.

Huyu alizaliwa Paris tarehe 17 Januari 1944. Yeye na mdogo wake walilelewa na mama peke yake kwenye nyumba ndogo ya kupanga. Baba alikuwa mtu wa kuja mara mojamoja. Alipofaulu mtihani wa kumaliza sekondari, ule wanaouita baccalauréat, alizawadiwa gitaa. Wengine wangezawadiwa saa. Akajifungia na gitaa lile, akajua kodi chache, na kwa kodi hizohizo chache akaanza kutunga. Kampuni moja ya santuri ikamsikiliza ikamwacha. Nyingine, Vogue, ikamsainisha mkataba Novemba 1961, akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka uliofuata ukatoka "Tous les garçons et les filles", yaani wavulana wote na wasichana, na usiku wa tarehe 28 Oktoba 1962, wakati Wafaransa wamekodoa macho kwenye televisheni wakisubiri matokeo ya kura ya maoni iliyoamua rais wao achaguliwe na wananchi moja kwa moja, huyu binti akaonyeshwa akiimba katikati ya matokeo. Nchi nzima imekaa kusubiri siasa, inaletewa msichana mrefu mwenye nywele mbele ya macho anayelalamika kwamba wenzake wote wanatembea wawiliwawili na yeye hana mtu. Santuri ile ikauzwa kwa malaki.

Basi ndiyo hayo tu, hakuna jingine. Wimbo hauna kisa. Hakuna mchawi, hakuna mama wa kambo, hakuna tajiri anayemchukua mtu. Ni msichana anayesema niko peke yangu, na lini na mimi itakuwa zamu yangu. Nilipotafsiriwa nikasema, ah, kumbe hivyo tu? Halafu usiku nikawa sipati usingizi.

Kwa sababu, tuseme ukweli, sisi tumezoea sauti zinazokuja na nguvu. Masikio yetu yamelelewa na wanawake kama Bi Kidude, sauti iliyoweza kutoboa ukuta. Hata Wafaransa wenyewe walikuwa na Édith Piaf, aliyefariki Oktoba 1963, mwaka uleule wa makelele ya yeye, na Piaf akiimba unajua kwamba huyu amepigwa na dunia na dunia nayo imepigwa. Hardy haimbi hivyo. Sauti yake ndogo, haitetemeshi, haipandi, haiombi. Anaimba kama mtu anayekusomea barua aliyoiandika mwenyewe na anayeona aibu kidogo kuisoma. Kasoro za sauti zimeachwa palepale. Yeye mwenyewe hakupenda kabisa jinsi santuri zake za mwanzo zilivyorekodiwa, na akaja kwenda London kutafuta wanamuziki waliompendeza zaidi. Lakini mimi ule ukavu wa mwanzo ndio unaonishika. Ni kama chumba kisicho na pazia.

Kuna jambo la sarufi hapa ambalo msusi wangu alinieleza na sijaacha kulifikiria. Kwa Kiswahili ukisema "niko peke yangu", hakuna anayejua kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa hakikuachi hivyo. Mwanamume ataandika seul, mwanamke ataandika seule, na Hardy kwenye wimbo ule ni seule. Lakini mdomoni maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa! Ile herufi ya mwisho inaonekana kwa mwandishi tu. Anayesikia hasikii. Kwa hiyo upweke wake umeandikwa wa kike na umeimbwa wa watu wote. Mtu anayetaka kuandika riwaya akisikia kitu kama hicho hawezi kurudi nyumbani salama.

Hardy aliandika maneno yake. Hilo ndilo lililomtenga na wenzake, maana wengi wao walikuwa wakiletewa. Sehemu kubwa ya yeye ya mwanzo ilikuwa nyimbo za Marekani zilizovishwa Kifaransa harakaharaka. Sylvie Vartan alitoka na "Le Loco-motion" mwaka uleule wa 1962 ambao Little Eva aliutoa Marekani. Na Sheila hata jina lake lilitoka huko, kwenye wimbo wa Tommy Roe. Jina lake hasa ni Annie Chancel, wazazi wake walikuwa wauza peremende wa sokoni. Huyu Sheila ndiye aliyeimba "L'école est finie" mwaka 1963, shule imekwisha, kwa furaha ambayo mimi niliyemaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani nasubiri matokeo siielewi hata kidogo. Shule imekwisha halafu iweje? Wao kwenye wimbo wanashikana mikono wanaondoka zao. Kwetu unashikishwa ufagio.

Na sitaki msomaji aniambie kwamba ninasema mwanamume hawezi kumwandikia msichana. Sylvie Vartan, aliyezaliwa Bulgaria na kuletwa Paris mwaka 1952 akiwa mtoto, na ambaye Januari 1964 alipanda jukwaa moja na Beatles pale Olympia, wimbo wake mzuri kuliko yote, "La plus belle pour aller danser", maneno yake ni ya Charles Aznavour. Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka kama arobaini. Wimbo unamhusu msichana anayetaka awe mzuri kuliko wote kwenye dansi usiku ule, ndani ya gauni aliloshona kwa mkono wake, nukta kwa nukta. Hilo la kushona mwenyewe! Mtu aliyelitia pale alikuwa amewahi kumtazama msichana akishona, akatulia, akamwachia sindano yake. Nampa heshima yake Aznavour.

Sasa tuje kwa France Gall, ambaye ndiye sababu ya mimi kushika kalamu.

Alizaliwa 1947, baba yake Robert Gall alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo. Ndiye aliyeandika "La Mamma" ya Aznavour. Nyumba ya muziki, basi. Machi 1965, akiwa na miaka kumi na saba, alikwenda Naples kwenye mashindano ya Eurovision akiiwakilisha Luxembourg, na akashinda kwa wimbo wa Serge Gainsbourg, mtu aliyemzidi karibu miaka ishirini. Wimbo unaitwa "Poupée de cire, poupée de son". Mwanasesere wa nta, mwanasesere wa pumba. Lakini Kifaransa kina ujanja wake: son ni pumba zile zinazojazwa ndani ya mwanasesere, na pia ni sauti. Na nta ndiyo waliyotumia zamani kurekodia. Kwa hiyo msichana anasimama mbele ya Ulaya nzima anaimba kwamba yeye ni kikaragosi, ni santuri, ni pumba, kwamba anaimba mapenzi asiyoyajua. Na aliyemwandikia amekaa pembeni anajua kila kitu. Wakampigia makofi.

Mwaka uliofuata, 1966, mtunzi yuleyule akampa "Les Sucettes". Kwa juu ni wimbo wa msichana aitwaye Annie anayependa pipi za kijiti. Kwa chini kuna maana nyingine, ya chumbani, ambayo kila mtu mzima pale studio aliielewa isipokuwa aliyekuwa anaimba. Alikuwa na miaka kumi na minane. Aliimba kwa sauti yake ile ya kitoto, nchi ikacheka, naye akaja kujua baadaye wanachocheka. Miaka mingi baadaye alisema aliona watu wazima waliomzunguka wamemsaliti.

Nilimwuliza msusi kama alipokuwa mtoto alijua.

"Mutoto wangu," akasema, "ile haiko wimbo ya pipi. Balimucheka."

"Nani walimcheka, mama?"

"Bakubwa bote."

Akaendelea kusuka.

Sisi watu wa pwani hatuna shida na mafumbo. Taarabu bila fumbo ni ugali bila mboga. Fumbo mfumbe mjinga, wanasema, mwerevu huligangua. Lakini fikiria jinsi linavyofanya kazi kwetu: mwanamke anasimama na kipaza sauti, anajua anachokisema, anajua anamsema nani, na yule anayesemwa amekaa mstari wa pili na kitenge chake kipya, wote wawili wanajua na ukumbi mzima unajua. Fumbo ni silaha ya anayeimba. Kwa "Les Sucettes" fumbo limegeuzwa mdomo: aliyefumbiwa ni mwimbaji mwenyewe. Nimetafuta kitu kinachofanana na hicho kwenye taarabu nikakosa.

Na hapa ndipo panaponitesa, kwa sababu wimbo ule wa mwanasesere ni mzuri. Si mzuri kidogo. Unakwenda mbio kama farasi, ngoma zinampiga mgongoni, na sauti ya Gall inateleza kidogo kwenye nota za juu kama mtu anayekimbia na viatu vikubwa. Nikiweka Hardy na Gall pamoja, Hardy ndiye ninayemheshimu, Gall ndiye ninayemrudia usiku. Ningependa ubaya wa kutungiwa ungesikika masikioni, ukasema, aha, hapa pana uwongo. Lakini wapi! Hausikiki. Ni kama ile herufi ya mwisho ya seule.

Nieleze sasa kwa nini hili si jambo la santuri za watu wa mbali tu. Nina riwaya, imejaa madaftari manne. Inasimuliwa na binti konda wa daladala, njia ya Mbagala, miaka kumi na tisa. Anahesabu chenji, anatukanwa, anatukana, anarudi nyumbani miguu imevimba. Kuna bwana mmoja anayejihusisha na uchapaji ambaye aliyasoma madaftari yangu kwa wiki tatu. Aliniita nikaenda, nikamwamkia, akanikaribisha soda.

"Mdogo wangu, una kipaji," akasema. "Lakini huyu binti wako mkavu. Wasomaji watataka wamwone. Niachie, nitakuongezea sura tatu hivi, za usiku. Jina kwenye jalada litabaki lako."

Nikamwuliza hizo sura zitasemwa na nani. Akasema, si huyohuyo binti, kwa "mimi" yake.

Nikamwambia anipe siku mbili nifikirie. Zile siku mbili nilizitumia kusikiliza "Les Sucettes" mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye akili timamu. Nilikuwa nataka kusikia kama kuna mahali, hata pamoja, sauti ya yule msichana inajua. Hakuna. Anaimba pipi. Nikamfikiria konda wangu akiamka ndani ya kitabu chake mwenyewe na kukuta amesema mambo ambayo hakuyasema, na abiria wote wa Mbagala wanacheka. Siku ya tatu nikaenda kuchukua madaftari. Bwana yule hakukasirika, hata kidogo. Alinirudishia na kunitakia kila la heri, na tangu siku hiyo riwaya iko chini ya godoro, haina mchapishaji.

Mama yangu anasema ningekubali sasa hivi ningekuwa na kitabu. Kweli, ningekuwa nacho.

Gall naye hakubaki pale walipomwacha. Mwaka 1974 alianza kuimba nyimbo za Michel Berger, wakaoana 1976, na sauti yake, ileile, ikapata mwili. Mwaka 1987 aliimba "Babacar", kuhusu mtoto mchanga wa Senegal ambaye mama yake alimwomba Gall amchukue aondoke naye. Hakumchukua, lakini alimsaidia yule mama. Baadaye akajenga makazi kwenye kisiwa cha Ngor, karibu na Dakar, akawa anakwenda na kurudi hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki tarehe 7 Januari 2018. Msusi wangu huipenda "Babacar" kuliko zote. Mimi huisikia vizuri, lakini nikiwa peke yangu mkono unakwenda kwenye zile za zamani, za dakika mbili na nusu, zinazoisha kabla hujajua zimeanza. Zile santuri ndogo za Kifaransa zilikuwa na nyimbo nne tu: mbili upande huu, mbili upande ule, na picha ya msichana kwenye jalada akikutazama. Nne zinatosha. Nimejaribu kuandika sura zangu kwa urefu huo, kiasi cha mtu kusoma kati ya kituo na kituo, na konda wangu anaonekana kupumua vizuri zaidi.

Hardy alifariki tarehe 11 Juni 2024, akiwa na miaka themanini. Alikuwa ameacha kupanda jukwaani tangu mwisho wa miaka ya sitini. Alikuwa anaogopa, na akaona hakuna sababu ya kujilazimisha. Aliendelea kutoa santuri na kuandika. Mwaka 2008 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 2012, akiwa na miaka sitini na minane, akatoa riwaya. Ndiyo, riwaya! Inaitwa "L'Amour fou". Miaka hamsini baada ya ule wimbo wa kutembea peke yake barabarani, alikuwa bado anaandika mapenzi kwa maneno yake.

Riwaya hiyo naitafuta. Nimeuliza kwa wauza vitabu vya mitumba, pale Posta na Kariakoo, wanaonyesha kamusi. Msomaji yeyote mwenye nakala, hata iliyochanika jalada, anijulishe kupitia jarida hili. Nitaisoma polepole, na kamusi pembeni, na nitairudisha.